Sukari ya Taata

Watu wa kwetu Kishanda wanajua kumuuguza mtu. Hilo silibishi. Mgonjwa akikosa kuonekana kanisani Jumapili moja, Jumatatu uwanja wake umejaa. Wanakuja na mikungu ya ndizi, na maharage, na kilo ya sukari, na soda, na kibuyu cha omuramba, yale maji ya ndizi mbivu yanayokamuliwa kwa nyasi kabla hayajawa pombe. Huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Nimekulia humo, na mimi mwenyewe nimebeba sukari kwenye nyumba nyingi nikijiona mtu wa maana. Ila mwaka ule baba yangu alipougua niliwachukia wote, mmoja mmoja, pamoja na vibuyu vyao.

Baba tulimwita Taata, kama kwetu kote. Alikuwa na kisukari miaka mingi kabla ya mambo haya, na aliishi nacho kama unavyoishi na jirani msumbufu uliyekwisha kumzoea. Asubuhi kidonge, jioni kidonge. Chai bila sukari, huku amekunja uso kama anakunywa mwarobaini. Vidonge alivitunza kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, na kadi ya kliniki ndani ya kitabu cha nyimbo. Mama alikuwa ametangulia. Aliyekaa na Taata pale nyumbani ni shangazi yangu, mdogo wake, ambaye aliolewa Rubafu akarudi kwao alipofiwa na mume. Mimi nafundisha sekondari hapa Bukoba mjini, nimepanga Kahororo. Kutoka Kahororo hadi Kishanda ukitaja kwa mdomo si mbali, lakini kwa mwalimu mwenye kipindi cha kwanza Jumatatu ni mbali sana.

Damu ilianza kumtoka chooni, naye akanyamaza miezi. Shangazi alipogundua, akaambiwa ni bawasiri. Bawasiri! Wanaume wa kwetu wakitokwa damu huko nyuma ni bawasiri, wakikonda ni kazi za kibanja cha migomba, wakishindwa kula ni mawazo. Mpaka suruali zilipoanza kumdondoka kiunoni ndipo nikapigiwa simu. Nilimfuata kwa hasira, nikampeleka hospitali kwa hasira, na huko wakasema lazima apimwe kwa kile kipimo cha kamera kinachopita ndani ya utumbo.

Nesi alinipa maagizo mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa na kalamu. Siku moja kabla asile kitu, anywe maji na ile dawa ya kusafisha tumbo. Vidonge vya sukari asivimeze mpaka aanze kula tena, maana tumbo tupu na dawa ya sukari vinaweza kumwangusha. Nikaandika yote. Tulipofika nyumbani nikaona haitoshi, wazee husahau. Nikachana karatasi ya daftari, nikachukua kalamu nene nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa: USIMEZE DAWA ZA SUKARI. Nikapiga mistari miwili chini yake, kama ninavyofanya ubaoni kwa jambo litakalotoka kwenye mtihani, nikaibandika kwa plasta kwenye lile kopo. Taata akaisoma kwa sauti, akacheka. "Haya," akamwambia shangazi, "mwalimu ameshaandika."

Kipimo kilifanyika, majibu yakaja. Ulikuwa uvimbe kwenye utumbo mpana, na ulikuwa saratani. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alituketisha akatueleza bila kuzungukazunguka. Uvimbe bado umekaa mahali pake. Picha ya ini haikuonyesha kitu. Unaweza kukatwa ukatoka. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa anakuja kwa zamu, na zamu iliyofuata ilikuwa baada ya wiki nne, tukapewa tarehe. "Ila mzee ana kisukari," akasema, "na hapo ndipo penye kazi." Akaeleza kuwa sukari ikiwa juu hawawezi kumpasua, maana kidonda hakitafunga na vijidudu vitapata karamu. Akasema pia kwamba wagonjwa wenye vyote viwili, saratani ya utumbo na kisukari, mara nyingi hawafiki mbali kama wenye saratani peke yake, na sababu mojawapo ndiyo hiyo: matibabu yanaahirishwa, yanapunguzwa, yanachelewa, na uvimbe unaendelea na shughuli zake. "Sukari ishuke chini ya kumi kabla ya tarehe," akasema. "Nyie hiyo ndiyo kazi yenu."

Basi kazi yetu ikawa hiyo moja. Sukari ishuke, Taata apasuliwe, uvimbe utoke kabla haujatembea. Nilinunua mashine ya kupimia, nikamfundisha shangazi kumchoma kidole na kusoma namba, nikarudi Kahororo kufundisha.

Habari zikaenea, na wageni wakaja.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana asiyelijua ataona nilikuwa mkorofi bure. Kwetu anayekaribisha kinywaji huonja kwanza. Ni kumwonyesha mgeni kwamba humpi sumu. Sasa kibuyu kikishapokewa kimekuwa cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba hawezi kukificha ndani kama mchoyo. Kinamiminwa palepale, wote waliokaa wanakunywa, na yeye ndiye anayeonja. Wageni wa vibuyu vitano, Taata anaonja mara tano. Na Taata hakuwa mtu wa kuonja kwa ncha ya ulimi. Alionja mpaka koo likapanda na kushuka, akafuta ndevu, akasema, "Waitu, jamani, ndizi hii ilikuwa imeiva," ndipo akampa mgeni.

Nikapiga simu. "Shangazi, sukari ngapi leo?" Kumi na saba. Kesho yake kumi na nane. "Wageni walikuwepo?" Walikuwepo. "Ameonja?" Ameonja, angefanyaje mwanangu, afukuze watu? Nilikuwa nagombana na simu katikati ya ofisi ya walimu, wenzangu wakijifanya wanasahihisha madaftari.

Tarehe ikafika. Asubuhi ile mashine ya hospitali ikasoma kumi na tisa. Daktari akatikisa kichwa, akamgeukia Taata. "Mzee, dawa zako za sukari unameza vizuri?"

Taata akafungua mdomo. Mimi nikawahi. "Anameza, daktari. Tatizo siyo dawa, tatizo ni wageni! Wanamletea omuramba, wanamletea soda, na yeye hajui kukataa." Nikaendelea na mashtaka yangu hapo kama wakili aliyelipwa. Taata aliniangalia, akafunga mdomo. Daktari akaandika kwenye faili, akaongeza kipimo cha vidonge, akatupa tarehe nyingine, zamu nyingine, wiki tano mbele. Wiki tano! Nilitoka pale nikiwahesabu wale wageni wote vidoleni, njia nzima mpaka Kishanda.

Nikaomba ruhusa shuleni, nikahamia Kishanda. Vidonge vipya nilivitumbukiza kwenye kopo la chai vilevile kama vilivyotoka dirisha la dawa, na mawazo yangu yako mlangoni. Nilikaa mlangoni kama mgambo. Anayekuja na mkungu, karibu. Anayekuja na sukari, arudi nayo. Wanajumuiya walikuja kusali, nikawaambia wasali kutokea uwanjani, na soda zao wanywe wenyewe. Mama mmoja aliyenifundisha katekisimu nilimpokonya chupa ya juisi mkononi. Unafikiri niliona aibu? Wala. Niliona wanamuua baba yangu huku wanatabasamu.

Shangazi hakufurahi. "Watu wakiondoka hapa na kiu watasemaje?" akaniuliza. Akakamua omuramba wake mwenyewe, kibuyu kizima, akasema ni kwa ajili ya wageni tu, Taata hatagusa. Nilimsubiri aanze kukimimina mbele za watu, nikainuka, nikachukua kibuyu, nikakimwaga chote kwenye shina la mgomba. Shangazi alikuja akaokota kibuyu chake, akakipangusa udongo kwa kanga, akaingia ndani. Taata hakunisemesha siku mbili.

Na sukari? Kumi na sita. Kumi na saba. Hakuna mgeni, hakuna soda, ndizi namhesabia vipande kwenye sahani, na bado namba inanitolea macho asubuhi kwa asubuhi. Mtu mwenye akili angekaa chini akajiuliza. Mimi sikujiuliza. Nilimfuata shangazi jikoni nikamwambia, "Unamnywesha mimi nikienda bombani."

"Naapa mbele ya Mungu simnyweshi."

"Basi inapanda na nini? Na upepo?"

"Sijui, mwanangu."

"Utamzika kaka yako kwa huo utamu wako," nikamwambia. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu, kwa mwanamke aliyenibeba mgongoni. Aliendelea kumenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, na maganda yakawa yanadondoka miguuni kwake.

Vidonge sikuuliza. Nimejirudia hilo mara nyingi sana tangu hapo. Kopo lilikuwa juu ya kabati, kabati lilikuwa chumbani kwa Taata, na chumbani kwa mzazi wa kiume binti huingia akatoka, hapekui. Isitoshe nilikuwa nimeshajua mkosaji ni nani. Mtu akishamjua mkosaji hatafuti tena.

Tarehe ya pili, kumi na sita. Daktari bingwa mwenyewe akasema hapana, lakini safari hii mzee harudi nyumbani. Alazwe, achomwe sindano za insulini, ashushwe sukari chini ya macho yao, apasuliwe zamu ijayo. Mimi ruhusa ilikuwa imekwisha, mitihani ya kidato cha nne iko mlangoni. Shangazi akafunga nguo zake kwenye kanga, akakaa wodini na kaka yake.

Siku kumi tu, sukari ikashuka. Saba. Nane. Saba na nusu. Mawe, mama yangu! Nilimpigia shangazi simu, sikusubiri hata salamu. "Umeona? Umeona sasa? Wageni wakikosekana inashuka!"

"Nimeona, mwanangu," akasema.

"Mngenisikiliza toka mwanzo tusingefika huku."

"Ni kweli."

Taata alipasuliwa. Nilikaa kwenye benchi la korido na shangazi, yeye na rozari yake, mimi na hasira zangu. Daktari bingwa alipotoka alitupeleka pembeni kwenye dirisha. Uvimbe ameutoa wote, akasema. Lakini kwenye ini ameona madoa mawili ambayo picha ya mwanzo haikuyaonyesha. Nikamuuliza, kama tungefanya ile tarehe ya kwanza je? Akavua kofia yake ya kitambaa, akaikunja. "Mama, siwezi kukuambia," akasema. "Huenda yalikuwepo madogo, picha isiyaone. Huenda hayakuwepo. Muda haukutusaidia, hilo ndilo ninaloweza kusema." Nilimgeukia shangazi nikamwangalia. Alijua nilichokuwa nasema.

Yaliyofuata yalikuwa ya polepole. Kidonda kilikataa kufunga wiki baada ya wiki, kama tulivyoonywa. Dripu za dawa ya saratani zikasubiri kidonda, na zilipoanza, sukari ikaruka, zikasimamishwa, zikaanza tena, zikasimamishwa. Kila tulipokuwa tunatibu hiki, kile kinatuharibia. Nilijifunza kuchukia hata neno lenyewe, sukari, na mlio wa kijiko kwenye kikombe. Taata alikuwa mtulivu kuliko sisi. Siku moja nilikuwa nalalamika kando ya kitanda chake kuhusu vibuyu, akanishika mkono akaniambia, "Waache watu. Walikuja kuniona." Nikajua anawatetea kama kawaida yake. Alifariki majira ya senene, watoto wakikimbizana nje na chupa za kukusanyia panzi hao.

Kwenye mazishi ndimi niliyesoma wasifu wa marehemu. Kalamu, tena. Nilisoma kuzaliwa kwake, kipaimara chake, ndoa yake, kahawa yake, kisha nikafika kwenye ugonjwa, na pale nikaweka karatasi chini nikasema bila kusoma. Nilisema baba yangu aliahirishiwa upasuaji mara mbili kwa sababu ya sukari, na sukari ile aliletewa nyumbani kwake na watu wanaompenda, na wengine waliishi naye nyumba moja. Umati ukainamisha vichwa. Shangazi alikuwa mkekani pamoja na wanawake, miguu ameikunja, anatazama mikono yake. Nilijisikia vizuri. Ndiyo, niandike ukweli: nilijisikia vizuri.

Baada ya arobaini nilirudi Kishanda kupanga vitu vya Taata. Suruali, redio, kitabu cha nyimbo chenye kadi ya kliniki. Nikalishusha lile kopo la chai toka juu ya kabati. Ndani vidonge vilikuwa vingi. Vingi mno. Kulikuwa na pakiti za tangu kabla ya kile kipimo cha kamera, na pakiti zilizofuata, na zile alizoongezewa, zote hazijachanwa. Nje ya kopo palikuwa na alama ya mraba, safi kuliko pengine, mahali plasta ilipobanduliwa.

Nilikaa kitandani kwake. Kisha nikamwita shangazi.

Alikuja akasimama mlangoni, akaona nilichoshika. Akarudi chumbani kwake, nikamsikia anafungua sanduku, akaja na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne.

"Siku tuliyolazwa, nilipofuata nguo nyumbani, waliagiza nirudi na dawa zake zote," akasema. "Nikaja na kopo. Nesi akaisoma hiyo karatasi, akahesabu vidonge, akapiga kelele, nani kaandika huu upuuzi. Taata akasema, mimi."

"Alisema yeye?"

"Alisema yeye. Akatukanwa kama mtoto, amekaa tu."

Nilimuuliza kwa nini basi hakurudi kumeza, mtu aliyemeza miaka yote hiyo. Akasema naye alimuuliza hivyo hivyo. Taata alimjibu kwamba mwalimu ndiye aliyeongea na madaktari, mwalimu akaandika, na hakuna aliyemwambia imekwisha. Alidhani dawa ya sukari inagombana na uvimbe. Na siku ile nilipomwambia daktari kwamba anameza, alidhani nina sababu zangu za kusema hivyo mbele ya daktari, akaona asiniumbue.

"Akanikataza nisikwambie," shangazi akasema. "Alisema ukijua utaacha kula."

Hasira ikanipanda, ile ile, haikujua pa kwenda ikamwendea yeye tena. "Na wewe ukakubali? Nimekutukana jikoni. Nimemwaga kibuyu chako. Nimekusema kaburini mbele ya parokia nzima, shangazi! Mbona ulikaa kimya?"

"Jikoni nilikuwa sijajua bado."

"Na kaburini?"

Alitoka, nikamsikia anahangaika jikoni, akarudi na kikombe. Omuramba. Akainua akaonja kwanza, taratibu, mpaka koo likapanda na kushuka, ndipo akanipa mimi.

Nilikunywa chote, maana huwezi kukataa kilichoonjwa. Kisha nikakunjua ile karatasi mapajani. Mwandiko ulikuwa mzuri, mwandiko wa ubaoni, hata aliyekaa nyuma kabisa ya darasa angeusoma. Chini yake nilikuwa nimepiga mistari miwili, na nilikuwa nimetumia rula.